Geuza Kikombe Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vyombo vya Frankoma

Toleo hili tunajibu barua kuhusu Frankoma, kiwanda cha ufinyanzi cha Oklahoma, Marekani, ambacho vikombe vyake vya tembo na punda, nembo za vyama viwili vya siasa vya huko, vinaendelea kutafutwa na wakusanyaji. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Kabla hujaendelea, chukua kikombe chako, hakikisha ni kitupu, kigeuze. Majibu mengi yako kitakoni.

Swali: Kila muuzaji ana historia yake ya Frankoma. Kampuni ilianza lini hasa, na ni kweli ilifungwa?

Jina lenyewe ni jina la mtu lililounganishwa na jina la jimbo: Frank na Oklahoma. John Frank alizaliwa Chicago, akasomea sanaa huko, kisha mwaka 1927 akaenda mji wa Norman kufundisha sanaa na ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mwaka 1933 alianzisha karakana yake mwenyewe. Alikuwa na tanuri moja dogo, chombo cha kusukia siagi alichokigeuza cha kuchanganyia udongo, na chupa chache za kuhifadhia matunda alizotilia gleizi. (Gleizi ni ule utando wa kioo unaofunika chombo na kukipa rangi na mng'ao.) Jina Frankoma lilianza kutumika 1934, na 1936 Frank akaacha ualimu ili ashike ufinyanzi peke yake.

Mwaka 1938 yeye na mkewe, Grace Lee, walihamishia kazi Sapulpa, karibu na Tulsa, kando ya barabara ya Route 66 iliyokuwa ikipitisha wasafiri wengi. Novemba ya mwaka huohuo moto ukateketeza kiwanda. Walijenga upya, lakini moto ule uliacha alama inayomsaidia mkusanyaji hadi leo. Kati ya 1936 na 1938 vyombo vilikuwa vikipigwa muhuri wenye chungu na mnyama wa jamii ya paka akipita mbele yake. Wengine humwita chui, wengine puma. Muhuri huo uliungua na haukurudi. Ukiuona kitakoni, umeshika chombo cha miaka hiyo michache, mradi udongo na gleizi navyo vikubaliane.

John Frank alifariki 1973, na binti yake Joniece, ambaye alikuwa tayari mbunifu wa vyombo vya kiwanda, akashika usukani. Septemba 1983 kiwanda kiliungua mara ya pili. Kalibu mama, yaani zile za asili ambazo kalibu za kazi hutolewa kwazo, zilinusurika, na ndiyo maana maumbo ya zamani yaliweza kuendelea kiwanda kilipofunguliwa tena 1984. Madeni hayakuisha. Familia iliuza mwaka 1991, kikabadilisha wamiliki tena 2005 na 2008, na uzalishaji Sapulpa ukasimama 2010. Kwa hiyo ndiyo, kilifungwa, baada ya zaidi ya miaka sabini ya kutengeneza vyombo vya watu kulia na kunywea. Hilo la mwisho lina uzito. Havikuwa vyombo vya kabatini, na ndiyo sababu vingi vimetufikia vikiwa na mikwaruzo.

Swali: Kikombe changu kimeandikwa "Frankoma 94C". Nimeambiwa ni cha 1994. Je, kweli?

Hapana. Hiyo ni namba ya umbo, si mwaka. Namba 94 ni ya Wagon Wheel, seti yenye muundo wa gurudumu la mkokoteni, na C ni ya kikombe. Seti nyingine nazo zina namba zake: 4 ni Lazybones, 5 ni Plainsman, 6 ni Westwind, 7 ni Mayan-Aztec. Wagon Wheel ilianza miaka ya 1940 na ikaendelea kutoka tanurini kwa miongo mingi, kwa hiyo kikombe cha 94C kinaweza kuwa na umri wa babu au wa mjukuu.

Namba hii ina kazi yake: ukitaka kukamilisha seti, inakuhakikishia kwamba kikombe na sahani ni ndugu. Kuhusu umri, utauliza udongo na gleizi.

Swali: Muuzaji ana kikombe cheupe cha tembo cha 1968. Anasema ni cha "udongo wa Ada" na bei imepanda kwa sababu hiyo. Nitamwaminije?

Usilipe nyongeza hiyo. Kiwanda kilitumia udongo kutoka eneo la Ada, Oklahoma, tangu miaka ya mwanzo hadi kati ya 1953 na 1955 hivi. Baada ya hapo kilihamia udongo mwekundu wa Sapulpa, uliochimbwa karibu na kiwanda. Kikombe cha tembo cha kwanza kabisa ni cha 1968. Miaka zaidi ya kumi imepita kati ya udongo wa Ada na tembo huyo, hawakukutana.

Jinsi ya kutazama: nenda penye mwanga wa mchana, kwa sababu balbu ya manjano hugeuza kila udongo kuwa wa kahawia. Kausha kitako vizuri, maana udongo wenye unyevu huonekana mweusi zaidi kuliko ulivyo. Tafuta pete ile nyembamba ambayo kikombe hukalia, mahali ambapo gleizi ilifutwa ili chombo kisigande kwenye ubao wa tanuri. Udongo wa Ada una rangi ya krimu hadi kahawia hafifu, kama mchanga mkavu. Wa Sapulpa ni mwekundu wa tofali, na katika vyombo vya miaka ya baadaye huelekea waridi au chungwa. Kama kitako chote kimefunikwa na gleizi, tafuta tundu dogo kama la sindano au mahali palipomeguka zamani na utazame kwa lenzi ya mara 10. Usikwangue. Ukikwangua umetengeneza kasoro mpya ili ujue umri wa kitu ulichokiharibu.

Pengine muuzaji wako hadanganyi. Gleizi nyeupe ikimwagikia kwenye pete ya kitako huficha wekundu, na picha ya simu humalizia kazi hiyo. Mwombe picha ya kitako pekee, nje, kivulini, karatasi nyeupe ikiwa pembeni.

Swali: Nina vikombe vya tembo kuanzia 1968, lakini punda wangu wa mwanzo ni wa 1975. Nitapata wapi punda wa miaka iliyotangulia?

Hutampata, kwa sababu hakufinyangwa. Mwaka 1968 ulikuwa wa uchaguzi wa rais, na kiwanda kilitengeneza kikombe chenye tembo, nembo ya chama cha Republican, kwa ajili ya wanawake wa chama hicho kuchangisha fedha. Kilipendwa, na tembo akarudi kila mwaka akiwa na tarehe mpya na rangi mpya. Punda wa chama cha Democratic aliingia 1975. Seti yako haina pengo.

Rangi ni ukaguzi wa haraka wa tarehe. Tembo wa 1968 ni mweupe; wa 1969 ni wa rangi ya moto, wekundu unaoelekea chungwa; 1970 buluu; 1971 nyeusi; 1972 ile kijani ya kiwanda iitwayo Prairie Green; 1973 Desert Gold, dhahabu ya mchanga wa jangwani; 1974 kahawa; 1975 manjano. Ukiletewa tembo wa 1971 mwenye rangi ya buluu, simama, ukague zaidi kabla ya kutoa fedha.

Tazama pia majina. Kikombe cha 1969 kina majina ya Nixon na Agnew, rais na makamu wake walioapishwa Januari mwaka huo, na punda wa 1977 ana Carter na Mondale, rais na makamu wa wakati huo. Wakusanyaji wengi huanza na 1968 kwa kuwa ndicho cha kwanza, lakini ukilazimika kuchagua kimoja tu, sisi tungechukua cha 1969. Mwaka, majina mawili na rangi kali vyote viko kwenye kikombe kimoja, na historia iliyofuata inajulikana: Agnew alijiuzulu Oktoba 1973, Nixon akamfuata Agosti 1974.

Swali: Nimenunua vikombe viwili vya Prairie Green vya umbo moja. Kimoja kina kingo za kahawia na kijani chenye mawimbi, kingine ni kijani tupu. Je, kimoja ni bandia?

Huenda vyote ni halali, ila havikutoka wakati mmoja. Siri ni rutile, madini ya titani yenye chuma ndani yake, ambayo Frank aliyatia katika gleizi zake mashuhuri. Tanuri linapopoa, rutile hutengana na kioo kilichoizunguka na kuganda kwa vipande vidogo mno. Gleizi ilipojikusanya, rangi huwa nzito na yenye weupe kama wa maziwa. Ilipopita juu ya ncha, yaani mdomo wa kikombe, mgongo wa mkono, mbavu za gurudumu, huwa nyembamba na kuiacha rangi ya kahawia itokeze. Pitisha kidole gumba mdomoni mwa kikombe huku ukikizungusha dirishani: utaona kahawia ikififia kuwa kijani ndani ya upana wa milimita tatu au nne, bila mstari. Hakuna brashi iliyofanya hivyo.

Karibu na 1970 kiwanda kilikosa rutile kutoka chanzo chake cha zamani, na ile iliyofuata haikutoa matokeo yaleyale. Vyombo vya baadaye mara nyingi vina rangi iliyotulia zaidi, isiyopitisha mwanga. Udongo nao unachangia: gleizi ileile juu ya udongo wa krimu huonekana laini, juu ya udongo mwekundu huwa na giza.

Kuna jambo jingine. Frankoma walichoma vyombo mara moja tu. Viwanda vingi huchoma udongo kwanza, hupaka gleizi, kisha huchoma tena. Hapa gleizi ilipakwa kwenye udongo mkavu ambao haujachomwa, na vyote viwili vikaiva pamoja. Gleizi hushikana vizuri na udongo, lakini hewa na mvuke wa udongo hulazimika kutoka kupitia gleizi inayoyeyuka, na hapo ndipo vinapotoka vile vitundu vya sindano. Kasoro ya tanurini ina kingo za mviringo, na gleizi imeingia ndani yake. Pengo la kugongwa lina kingo kali na udongo mkavu. La kwanza ni la kuzaliwa na lisikushtue. La pili lipunguzie bei.

Swali: Kikombe changu cha tembo ni kifupi kuliko cha rafiki yangu wa mwaka uleule, kama sentimita moja. Inawezekana?

Sentimita moja ni nyingi. Tuseme mtu amechukua kikombe halisi, akakifanyia kalibu ya plasta, akamimina uji wa udongo. Udongo husinyaa ukikauka na husinyaa tena tanurini, na kwa jumla asilimia 10 ni kawaida. Kikombe halisi cha milimita 100 kitazaa nakala ya milimita 90 hivi. Tofauti ya milimita mbili au tatu kati ya vikombe halisi haitushangazi, kwa kuwa maji ya udongo na joto la tanuri havilingani siku zote.

Kipimo pekee hakitoshi kuhukumu. Pima kimo, kipenyo cha mdomo na cha kitako kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana. Nakala hupungua kila upande kwa uwiano mmoja. Kisha soma maandishi. Kalibu ya plasta huchakaa kwa kumiminiwa mara nyingi, hivyo hata kikombe halisi kinaweza kuwa na herufi zilizolegea, ila katika nakala herufi huwa zimejaa, kwa sababu gleizi ya kikombe cha kwanza ilinakiliwa kama udongo. Mwisho, udongo. Udogo ulio sawa pande zote, herufi zilizojaa na kitako cheupe cha chokaa vikikutana, rudisha.

Swali: Kikombe cheupe cha 1968 kina mtandao wa nyufa laini ndani, na kahawa imeingia. Nimeshauriwa dawa ya klorini ya kufulia. Nifanye?

Tafadhali usifanye. Klorini itang'arisha kwa wiki moja, halafu chumvi zake zitabaki ndani ya udongo. Zikikauka hugeuka fuwele, fuwele hutanuka chini ya gleizi na kuibandua vipande vipande. Uharibifu huo hauna tiba.

Nyufa zenyewe hutokea kwa sababu gleizi husinyaa kuliko udongo chombo kinapopoa, kwa hiyo inavutwa hadi ipasuke. Nyingine huja miaka mingi baadaye, udongo unapofyonza unyevu na kutanuka taratibu huku kioo kikigoma kutanuka. Huwezi kuzifunga. Unaweza tu kutoa doa lililokaa ndani yake:

Osha kikombe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka utelezi wa mafuta uishe. Kiloweke katika maji safi usiku mzima, saa 12 au zaidi. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote: udongo uliojaa maji hauwezi kufyonza doa likaenda ndani zaidi. Kisha kiweke kwenye chombo cha plastiki, mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mpaka kizame, funika bila kubana kwa sababu hewa hutoka, weka gizani. Vaa glavu. Mapovu kitakoni yasikutie hofu. Chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu huichangamsha peroksaidi. Badilisha dawa mapovu yanapokoma. Doa jepesi huondoka kwa siku mbili au tatu, la miaka mingi huweza kuchukua wiki mbili.

Ukimaliza, loweka katika maji safi siku nzima ukiyabadilisha mara mbili, kisha acha kikauke kivulini wiki moja. Usikiweke kwenye oveni ili kuharakisha: maji yaliyonaswa chini ya gleizi yakigeuka mvuke hutafuta njia ya kutokea. Na njia hii yote isitumike kwa kikombe kilichogundishwa au kupakwa rangi na mkarabati.

Swali: Ninaweza kunywea vikombe hivi? Na mikrowevu?

Kikombe kizima, kisicho na nyufa ndani, hakina sababu ya kukaa kabatini maisha yake yote. Chenye nyufa ndani kiache cha maonyesho, maana maziwa na kahawa huingia kwenye udongo na sabuni haifiki huko. Kuhusu risasi na kadmiamu katika gleizi za zamani, hasa nyekundu, chungwa na manjano kali, vijiti vya kupimia nyumbani hugundua kiasi kikubwa tu. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara: chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha kimiminika hicho hupimwa. Kama hujapima, usiweke humo juisi ya limau wala kinywaji chochote kichachu kikalala.

Mikrowevu, hapana kwa kikombe chenye nyufa. Maji yaliyofyonzwa hupata moto kabla ya chai, na mkono wa kikombe unaweza kukuunguza huku kinywaji kikiwa vuguvugu.

Swali: Mkono wa punda wangu wa 1977 umekatika sehemu mbili safi. Gundi ya papo hapo itafaa?

Haifai. Hushika kabla hujapanga vizuri, na baada ya miaka huachia. Wakarabati hupenda gundi iitwayo Paraloid B-72, kwa sababu huyeyuka tena katika asetoni, ukikosea unarudia. Kwa mkono utakaobeba uzito, epoksi inayokauka polepole ni imara zaidi, ila kuiondoa ni shida.

Osha vipande, viache vikauke siku kadhaa, maana udongo uliovunjika hunywa maji. Panga bila gundi kwanza, kwa zamu zote mbili: huenda ukianza na kipande cha juu, kile cha chini kikakosa nafasi. Paka gundi kidogo upande mmoja tu, shikilia kwa utepe wa karatasi, simamisha kikombe kwenye bakuli la mchele au mchanga ili uzito wa kipande uelekee chini kwenye unganisho. Acha saa 24. Baada ya hapo usikinywee tena, na usikibebe kwa mkono huo.

Ukiuza, sema. Mnunuzi makini atamulika kwa taa ya urujuanimno, na gundi nyingi na rangi za ukarabati hung'aa tofauti na gleizi.

Swali: Vikombe huvunjika njiani hata nikivifunga kwa magazeti mengi. Nakosea wapi?

Pengine kwenye mkono. Gazeti linalozungushwa nje hubana mkono kuelekea tumbo la kikombe, na pigo lolote humalizia hapo. Jaza kwanza tundu la mkono kwa karatasi laini iliyokunjwa hadi iwe sawa na ukingo wa nje, jaza ndani ya kikombe bila kushindilia, ndipo uzungushe karatasi ya mapovu mara mbili. Weka kwenye boksi dogo, kisha boksi hilo ndani ya kubwa lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, nayo uijaze. Tikisa kabla ya kufunga. Ukisikia kitu kikitembea, fungua uongeze.